Manowari Isiyotiwa Kalafati

Fundi Mwinyijuma alikwenda kusali adhuhuri akaiacha meli yake imeelekea ukutani. Aliporudi aliikuta imeelekea mlangoni. Siku ya kwanza alimlaumu paka. Siku ya pili alimlaumu mkewe. Siku ya tatu alifunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akaenda msikitini kusali sala ambayo hakuikumbuka hata rakaa moja. Aliporudi akafungua kufuli, na meli ilikuwa imeelekea mlangoni.

"Mwanahizaya we!" akafoka, wala hakujua anamtukana nani.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, Ngamiani, barabara ya nane. Watu walimjua kwa vitanda, makabati na milango, na walimjua zaidi kwa ulimi. Mteja akimwuliza kabati lake litakwisha lini, alimjibu, "Likiisha." Mtu pekee aliyezicheka hasira zake alikuwa mkewe Mwanasiti, ambaye baada ya miaka yote ile alizisikia kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati.

Lakini tangu mwaka jana makabati ya watu yalikuwa yamelala bila milango, kwa sababu ya meli. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alimletea picha iliyokatwa kwenye kalenda: manowari ya matanga ya Wareno, ya zamani zile za kupigania Mombasa, milingoti mitatu, mizinga safu mbili kila ubavu. Alitaka ya mbao, ya urefu wa dhiraa mbili, ifanane na picha mpaka kamba ya mwisho. Ingewekwa ndani ya sanduku la kioo kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la aliyeiunda. Mwinyijuma alikuwa amechonga vitanda vya nusu ya mji, watu wamezaliwa juu yake na wamefia juu yake, na hapana hata kimoja chenye jina lake. Kibao kile kilimwingia moyoni, hakikutoka.

Basi akaiunda. Alilaza mkuku wa msaji, ule uti wa chini wa chombo, akasimamisha mataruma membamba kama mbavu za samaki changu, akabandika ubao juu ya ubao kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa, akapiga msasa mpaka mbao zikang'aa kama kiatu cha karani. Mizinga aliifua kwa vipande vya shaba. Matanga yalishonwa na Timotheo, Mbondei mwenye cherehani aliyekodi baraza yake, naye alilalamika kila uzi. "Fundi," alisema, "mimi nashona kanzu za watu wazima. Hizi ni nepi."

Baada ya meli kugeuka, zikafuata kamba. Jioni alizifunga kama zilivyo kwenye picha, na kesho yake mchana alizikuta zimefungwa vingine, kwa mafundo asiyoyajua, yaliyokaza hata kucha haipenyi. Alizifungua akitukana, akazifunga upya. Zikafunguliwa. Akazifunga. Zikafunguliwa. Kazi ya kumaliza kabla ya maonyesho ikawa kazi ya kurudia, na kila aliporudia alipasua kitu, mara tanga, mara kidole. Kisha ikaja harufu. Yeye alipaka vanishi tu, lakini chumba kilinuka mafuta ya papa, yale wanayopaka vyombo vya baharini, harufu nzito inayokaa kooni. Akaingiza kidole ndani ya meli, kikatoka kimelowa. Akakilamba. Chumvi.

"Nani anamwaga maji humu?" aliuliza mezani.

"Labda jasho lako," alisema Mwanasiti, akacheka. Lakini hakula. Siku hizo alikuwa akisogeza sahani na kulala mchana kutwa, na uso wake ulianza kuingia ndani. Mwinyijuma aliliona hilo, akasema atampeleka hospitali meli ikiisha.

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi, saa ambayo kina mama huwaita watoto ndani kwa kuwa si wanadamu peke yao wanaotembea, Mwinyijuma alifunga mlango wa karakana akakaa barazani na Timotheo, amdake huyo mharibifu. Barabara ilikuwa tupu. Timotheo aliacha kukanyaga cherehani. Ndipo wakasikia, kwanza nyundo ndogo, ndogo mno, kama mtu anayepigilia msumari wa sindano, halafu mti unaolia kama unavyolia mti mkubwa unapobeba uzito, ingawa mle ndani hamkuwa na mti mkubwa wowote, halafu sauti za watu wengi waliokuwa mbali sana au wadogo sana wakivuta kitu kwa wimbo, wakipokezana, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na kila walipoitikia ukuta wa udongo walioegemea ulitetemeka migongoni mwao.

"Fundi," Timotheo alinong'ona, "humo ndani kuna nani?"

"Panya."

"Panya wanaimba?"

Mwinyijuma alifungua kufuli kwa hasira, au ndivyo alivyojiambia. Katikati ya chumba alisimama Mwanasiti. Alikuwa ameingia kwa mlango wa uani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu, na mikono yake ilikuwa ikivuta uzi wa tanga la mbele, taratibu, kwa nguvu za mtu anayevuta nanga.

"Kumbe ni wewe!" akapiga kelele Mwinyijuma. "Muda wote huu ni wewe unaniharibia kazi!"

Akamkamata viganja amwachishe uzi, akavigeuza. Ngozi ilikuwa imechunika. Viganja vyote viwili vilikuwa na malengelenge na mikato mipana ya kamba nene, kamba ya kufungia meli ya kweli, na mle chumbani mlikuwa na nyuzi za cherehani tu.

Mwanasiti akafumbua kinywa. Sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mwanamume aliyezoea kuamrisha penye upepo.

"Fundi, hili tanga umelifunga kinyume."

Timotheo alikwenda Moa kwa basi kumchukua Bi Semeni, fundi wa kupunga pepo aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyekuja na kikapu cha ubani na hakutaka chai mpaka ameona mgonjwa. Alimkalisha Mwanasiti kwenye kiti, akamfunika kaniki, akafukiza. Moshi ulipojaa, kichwa cha Mwanasiti kikaanza kuyumba kama cha mtu aliye chomboni.

"Salaam aleikum," Bi Semeni alisema kwa sauti ya chini.

"Aleikum salaam."

"Wewe u nani?"

"Mtu wa baharini."

"Umetaka nini kwa mama huyu?"

"Mikono," sauti ikajibu. "Yeye anayo, mimi sina. Chombo kimelazwa mkuku, hakikusomewa, hakikufukizwa, hakina mwenyewe. Nimekipanda. Kishusheni maji, nende zangu."

Bi Semeni alimgeukia Mwinyijuma. "Ulipolaza mkuku ulisoma fatiha?"

"Bi Semeni, hii ni meli ya kuwekwa kwenye kioo. Nani anasomea fatiha kabati?"

"Chombo chenye mkuku na usukani ni chombo, hata kikiwa cha kutosha mkononi. Wajomba zangu Moa hawapigilii msumari wa kwanza bila ubani. Ukiacha chombo bila mwenyewe, mwenyewe hujileta."

"Basi nitamchongea kingine. Kikubwa zaidi, kizuri zaidi."

Chini ya kaniki kitu kilicheka. "Hicho hicho," kikasema.

Mwinyijuma alitoka nje akapiga teke ndoo. Kwa nini yeye? Mji mzima una maseremala wanaopigilia misumari iliyopinda na kulala usingizi, na yeye aliyefanya kazi moja ya maana maishani mwake aambiwe aitupe baharini! Aliwachukia jini, Mzungu, na maonyesho, na Bi Semeni kwa kuwa mtulivu.

Mwanasiti alipopata nafuu kidogo alimwita. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amebaki macho tu.

"Baba Msafiri," alisema, kwa jina la mtoto wao aliyekuwa akifanya kazi reli, Korogwe. "Mpe tu. Ile ni mbao. Mimi nachoka. Kila mchana naona maji yapo mpaka hapa," akagusa kidevu.

"Nitampa," alisema Mwinyijuma, maana alimpenda mwanamke yule kuliko alivyopata kumwambia.

"Jini huyu hana ubaya," Bi Semeni alieleza walipokaa barazani. "Ni msafiri, anataka kwao. Ijumaa asubuhi upepo ukitoka bara tutamshusha ufukweni Sahare. Wewe kitie chombo kalafati sawasawa, pamba na mafuta kila penye mshono, kisimzamishe njiani. Hiyo ndiyo heshima yake. Anayempa mgeni chombo kibovu hajampa kitu."

Mwinyijuma aliitikia kwa kichwa. Usiku ule alikaa na meli yake, akaitazama. Pamba na mafuta ya papa! Mbao zile zingenyonya mafuta na kuwa nyeusi kama sufuria, na hapana msasa duniani ambao ungezirudisha. Akafikiri, na kadiri alivyofikiri jambo likawa rahisi. Jini anataka kwenda; ataondoka na meli, akishafika kwenye maji makubwa atakuwa kwao, na huko meli ya nini tena? Akachukua mshipi wa kuvulia samaki, mwembamba, usioonekana majini, akaufunga chini ya mkuku, karibu na usukani. Watu wakishaondoka na mgonjwa, yeye atauvuta. Meli italowa kidogo, itakaushwa. Mke atapona, kibao kitaandikwa. Pamba na mafuta hakuvigusa.

Ijumaa asubuhi walikuwa Sahare, penye mikoko. Bi Semeni alipanga sitahani halua, mayai mawili na kichupa cha marashi.

"Umekitia kalafati?"

"Nimekitia."

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwinyijuma ilikuwa na urefu wa mshipi mmoja, umeviringishwa ndani ya mfuko wa koti.

Mwanasiti aliingizwa majini mpaka magotini, ameshikwa huku na huku. Bi Semeni akammiminia marashi utosini, akasema, "Haya, bwana wa safari, chombo chako hicho. Panda." Matanga ya Timotheo yakajaa upepo wa bara, na ile manowari, isiyopata kuona maji tangu izaliwe, ikageuza pua yenyewe kuelekea nje na kwenda, wima, nzuri kupita kiasi, mpaka Mwinyijuma akaona fahari katikati ya hofu yake. Hapo Mwanasiti alitetemeka mwili mzima, na sauti yake, yake mwenyewe, sauti iliyokuwa ikicheka hasira zake miaka yote, ikapiga ukelele mmoja.

"Baba Msafiri!"

Kisha akaanguka mikononi mwao. Mwinyijuma alimshukuru Mungu kwa kuisikia sauti ile. Ilimpitia akilini kwamba ilikuwa imetokea upande wa maji, siyo alipokuwa mkewe, lakini pwani upepo huchezea sauti, na alikuwa na mshipi wa kushughulikia.

"Tangulieni," aliwaambia. "Nataka kukaa kidogo."

Walipopotea nyuma ya mikoko alianza kuvuta. Mshipi ulikuwa mzito kuliko meli ilivyostahili, halafu ukaanza kushtuka, vishindo vidogo vidogo vya haraka, kama kuna kitu upande wa pili kinachopigana kisivutwe, au kinachopigana kitu kingine kabisa, na kadiri alivyovuta ndivyo vilivyozidi, akavuta kwa nguvu kwa kuwa alidhani ni samaki ameng'ang'ania mkuku, akatukana samaki, akajikata vidole, akavuta tena, na ghafla vishindo vikakoma na mshipi ukaja mwepesi, hauna mtu.

Manowari ilifika ubavu juu. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Mbao zimeachana moja moja, mlingoti mkuu umelala, mataruma yako wazi. Mwinyijuma alipiga magoti kwenye tope, akalia kwa hasira, akailaani gundi na aliyemuuzia. Halafu akaifunga kwenye gunia, akaipakia kwenye baiskeli na kurudi kwa njia ya nyuma, akihesabu kichwani ubao upi waweza kuokolewa.

"Hongera, fundi!" Timotheo alimpokea barazani. "Mkeo mzima! Kafika, kaingia jikoni mwenyewe."

Na kweli Mwanasiti alikuwa uani, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, mgongo umenyooka, mashavu yana damu. Mwinyijuma alisimama akimtazama, na furaha ikampanda mpaka akasahau gunia begani. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani yake, chap, chap, juu ya sakafu.

Mwanasiti aliyatazama maji yale. "Umekivuta?"

"Nini?"

"Chombo. Umekirudisha?" Alikuna mara mbili tatu. "Ulikitia kalafati?"

Mwinyijuma alilificha gunia nyuma ya mgongo.

"Nilijua," alisema yule mwanamke, taratibu, bila hasira. Sauti ilikuwa ya Mwanasiti, lakini ilipanga maneno kama mtu anayepanga vyombo katika nyumba ya kuhamia. "Mwaka mzima nimekaa ndani ya chombo hicho. Nilikuona unavyotia gundi. Chombo cha gundi hapandi mtu mwenye akili, fundi. Nilisema, kama fundi ni mkweli kitafika. Kama ni mwongo, kwa nini nizame mimi? Nikampandisha yeye mwenye mwili huu kwanza, nione."

"Nani?" Mwinyijuma aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Alikuwa ameshika usukani vizuri. Angefika. Ulipoanza kuvuta ndipo maji yalipoingia."

Mwinyijuma alimwaga gunia uani. Alipekua mbao zilizolowa, akatia mkono kati ya mataruma, akainua kila kipande cha sitaha, akinong'ona jina la mkewe, na hakukuta kitu ila halua iliyogeuka ute na maji ya chumvi. Nyuma yake nazi iliendelea kukunwa. Akatoka mbio.

Sahare watu walimkuta ameingia maji ya kifua na nguo zake zote, akipapasa chini, akizama na kuibuka, akiita, "Mwanasiti! Mwanasiti!" Wachuuzi wa samaki walikusanyika. Timotheo alifika akihema.

"Fundi, toka! Mkeo yuko nyumbani, nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Siye yule! Yule siye!"

"Siye nani?"

"Sikutia kalafati!" alilia Mwinyijuma. "Nilifunga mshipi, nikamvuta mwenyewe! Alikuwa anapigana, mimi nikadhani samaki!"

Watu wakatazamana. Jua, wakasema. Furaha nayo hurusha akili. Alieleza tena, mara ya pili, ya tatu, na kila alipoeleza waliitikia kwa huruma kama watu wanaombembeleza mtoto, mpaka akawarushia maji usoni kwa kukosa la kufanya. Mmoja tu hakuitikia. Bi Semeni, aliyekuwa ameletwa mbio kutoka kituo cha basi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuza kichwa, akamwona mwanamke anayekuja kwa njia ya mikoko, ametulia, kanga kavu mkononi. Aliokota kikapu chake, akapita kando kabisa ya njia, penye tope, asipishane naye, na kwenda zake Moa bila kuaga.

Yule mwanamke aliingia majini mpaka magotini, akanyoosha mkono.

"Maji yanajaa, Baba Msafiri. Twende nyumbani. Utaanza chombo kingine, na safari hii nitakaa nawe nikuelekeze."

Alimfunika kanga mabegani, akamkausha uso mbele za watu. Wanawake wa Sahare wakasema mke mwenye subira kama ile haonekani siku hizi. Mwinyijuma alitazama bahari, akamtazama Timotheo, akafumbua kinywa kusema tena, akaona hakuna aliyebaki wa kumwambia. Akamfuata.